Kanda za kamkoda kuingia kwenye kompyuta: njia ipi inaifaa kanda ipi

Kabla hujanunua waya wala kidude chochote, toa kaseti kwenye boksi lake usome kilichoandikwa ubavuni. Wengi huanza kwa kuuliza kifaa kipi ni kizuri, na wauzaji huwajibu kwa furaha. Swali linalotangulia ni lingine: ndani ya kanda hiyo mna mawimbi au mna tarakimu? Ukishalijibu hilo, nusu ya vifaa vilivyoko sokoni vinajiondoa vyenyewe.

Kanda za mawimbi, yaani analogi, ni VHS na ndugu yake mdogo VHS-C, Video8 iliyoingia mwaka 1985, na Hi8 iliyoifuata mwaka 1989. Za dijitali ni MiniDV, iliyoanza 1995, na Digital8 ambayo Sony waliileta mwaka 1999. Baadaye ikaja HDV, iliyorekodi picha za ubora wa juu kwenye kaseti zilezile za MiniDV. Kwenye familia ya milimita 8 ndipo watu hupotea, kwa sababu kaseti ya Video8, ya Hi8 na ya Digital8 zina umbo moja, na kamera ya Digital8 ilikubali kurekodi kwenye kaseti iliyochapwa neno Hi8. Basi usiiamini kaseti peke yake. Itazame na kamera iliyorekodia: ikiwa ina alama ya Digital8, kuna uwezekano mkubwa kwamba kilichomo ni tarakimu, hata kama ubavuni pameandikwa vingine.

Kwa nini ning'ang'anie jambo hili? Kwa sababu kanda ya dijitali inanakiliwa, ilhali ya analogi inarekodiwa upya. Kwenye kunakili, tarakimu zilizoko kwenye kanda zinahamia kwenye diski kama zilivyo, na faili lako linakuwa sawa na kilichoandikwa na kamera siku ile. Kwenye kurekodi upya, kila kifaa kilichoko njiani kina mkono wake kwenye picha unayopata: deki, waya, kidude na programu. Gharama, muda na uvumilivu wako vielekezwe kulingana na tofauti hiyo.

MiniDV na Digital8: FireWire au nyaya za rangi?

Karibu kila kamera ya MiniDV na ya Digital8 ina tundu dogo la pini 4 lililoandikwa DV, i.LINK au IEEE 1394. Yote hayo ni FireWire, njia ya kupitisha tarakimu kama zilivyo. Kando yake kuna jeki ya AV, inayotoa zile nyaya tatu za njano, nyeupe na nyekundu ambazo kila mtu anazijua kutoka kwenye televisheni. Kwa macho ya haraka njia zote mbili zinafikisha picha kwenye kompyuta, na ya nyaya za rangi inaonekana rahisi zaidi kwa kuwa vidude vyake vya USB vimejaa kila mahali.

Lakini tazama kinachotokea ndani. Ukipita nyaya za rangi, kamera inazichukua tarakimu zake, inazigeuza kuwa mawimbi, inayasafirisha kwenye waya wa njano ambamo rangi na mwanga vimebanwa pamoja, kisha kidude cha upande wa pili kinayageuza tena kuwa tarakimu na mara nyingi kuyabana kwa nguvu. Picha inalainika, kingo za vitu vyenye rangi kali zinavuja. Na kuna hasara nyingine ambayo watu huigundua wakiwa wamechelewa. Kila fremu ya DV, yaani video ya tarakimu inayorekodiwa na MiniDV na Digital8, hubeba tarehe na saa iliyorekodiwa, imefichwa pembeni ya picha. Kwa FireWire taarifa hiyo inaingia kwenye faili, na programu inaweza kuitumia kukata kanda katika vipande kila mahali ambapo mtu alibonyeza kitufe cha kurekodi. Kwa nyaya za rangi inapotea yote. Kwa kanda za familia, kujua kwamba mtoto huyu alianza kutembea mwezi fulani wa mwaka fulani ni hazina isiyopungua picha yenyewe, na haitarudi kwa njia nyingine yoyote ukishaitupa kanda.

Kwa hiyo kwa MiniDV sioni mjadala mrefu: FireWire ndiyo njia. Nyaya za rangi ni za kuokolea tu, pale tundu la FireWire la kamera limekufa na huwezi kupata kamera nyingine.

Jambo moja halitofautiani kati ya njia hizi: muda. Kanda ya saa moja inahitaji saa moja ya kuchezwa, hata kwa FireWire. Hakuna kifaa cha nyumbani kinachoiharakisha.

Vipi tundu la USB lililoko kwenye kamera?

Hili linawaponza wengi. Kamera nyingi za MiniDV zina tundu la USB, na mwenye kamera hudhani ndilo la kutolea video. Kwa kawaida liliwekwa kwa ajili ya picha mgando zilizoko kwenye kadi ya kumbukumbu, au kuifanya kamera itumike kwa mazungumzo ya video ya ubora hafifu. Hesabu yenyewe inaeleza: DV inahitaji megabiti 25 kwa sekunde kwa picha pekee, na USB ya kizazi cha kwanza iliyowekwa kwenye kamera za mwanzo ilikomea megabiti 12. Kamera chache za miaka ya baadaye ziliweza kupitisha DV kamili kwenye USB 2.0, na kitabu cha maelezo cha kamera yako kitasema hivyo waziwazi. Kisiposema, usipoteze jioni yako.

Sambamba na hilo, jihadhari na nyaya zinazouzwa zikiwa na FireWire upande mmoja na USB upande wa pili. Ni waya mtupu. Lugha ya FireWire na lugha ya USB ni mbili tofauti, na waya usio na chipu ya kutafsiri hauwezi kuzisemesha pamoja.

Kompyuta isiyo na FireWire

Hapa ndipo penye ugumu wa kweli, maana kompyuta za leo hazina tundu hilo. Una njia tatu, na chaguo linategemea kilichopo mezani kwako.

Kwa kompyuta ya mezani, kadi ya FireWire ya PCI Express, inayochomekwa ndani ya kompyuta, ndiyo suluhisho tulivu kuliko yote. Tafuta yenye chipu ya Texas Instruments, ambayo ina sifa nzuri ya kuelewana na kamera. Kwenye Windows huenda ukalazimika kuweka draiva ya zamani ya 1394 inayotolewa na Microsoft, kisha programu ndogo ya bure kama WinDV inafanya kazi iliyobaki. Kwenye Linux kuna dvgrab, isiyo na madoido yoyote, lakini inaikata kanda kwa kufuata tarehe za kurekodi bila kulalamika.

Kwa Mac, kwa miaka mingi watu waliunganisha mnyororo wa adapta: kutoka Thunderbolt 3 kwenda Thunderbolt 2, kutoka hapo kwenda FireWire 800, kisha waya wa pini 9 kwenda pini 4. Unaonekana wa ajabu lakini unafanya kazi, mradi mfumo wenyewe unaikubali FireWire. Kuanzia macOS 26, iliyotoka mwaka 2025, Apple waliiondoa. Ukiwa na Mac ya zamani inayofanya kazi, usiipandishe toleo kabla hujamaliza kanda zako.

Njia ya tatu ndiyo ninayoipenda kwa mwenye laptopu mpya isiyoweza kuwekewa kadi: tafuta laptopu kuukuu yenye tundu la FireWire. Zilitengenezwa kwa wingi, na DV haihitaji nguvu kubwa, kwa sababu kompyuta inapokea tarakimu na kuzihifadhi tu. Angalia nafasi ya diski, basi. Saa moja ya DV inakula takriban gigabaiti 13.

Chomeka na kuchomoa waya wa FireWire vifaa vikiwa vimezimwa. Tundu la pini 6 la kompyuta hubeba umeme, na plagi ikiingizwa kwa kulazimishwa au kinyume inaweza kuliua tundu la kamera mara moja.

Wenye HDV wafuate njia ileile, ila waingie kwanza kwenye menyu ya kamera na kuzima ugeuzaji wa HDV kuwa DV, la sivyo watapokea picha iliyopunguzwa. Baadhi ya kamera za HDV zina HDMI, na kunasa kwa HDMI kunatoa picha nzuri. Bado ni kurekodi upya, na faili la asili linabaki kwenye kanda.

VHS, Video8 na Hi8: kinachocheza kina uzito kuliko kinachonasa

Tukifika kwa analogi, ushauri wangu unageuka. Hapa ningetumia fedha nyingi kwenye deki au kamera ya kuchezea, na chache kwenye kifaa cha kunasa. Kidude bora kabisa hakiwezi kurudisha kilichopotezwa na vichwa vichafu vya kusomea utepe au deki inayotetemesha kanda.

Kanda ya analogi haitoi mistari yake kwa vipindi sawasawa. Mitambo inayumba kidogo, kanda imevutika kidogo, na mstari mmoja unafika mapema, mwingine unachelewa. Televisheni za zamani zilivumilia hilo. Vifaa vya dijitali havivumilii: vinaruka fremu, wima wa mlango unapinda kwenye sehemu ya juu ya picha, na baada ya nusu saa sauti imeachana na midomo. Dawa yake ni sakiti inayopanga mistari upya kwa muda sahihi, ambayo mafundi huiita TBC. Baadhi ya deki za S-VHS (VHS ya ubora wa juu) za JVC na Panasonic zinayo ndani, na baadhi ya kamera za Hi8 na Digital8 pia. Deki ya namna hiyo, hata ikiunganishwa na kidude cha kawaida, huwa inaishinda deki ya kawaida iliyounganishwa na kidude cha kifahari.

Tumia tundu la S-Video mahali popote lilipo badala ya waya wa njano. Inatenga mwanga na rangi katika njia mbili, na kwa Hi8 na S-VHS tofauti yake inaonekana bila kutafutwa.

VHS-C inaingia kwenye deki ya VHS kwa msaada wa kaseti ya kubebea, kwa sababu utepe ni uleule. Video8 na Hi8 haziingii kwa kaseti yoyote ya kubebea, maana utepe wake ni wa milimita 8 na wa VHS ni wa milimita 12.7. Anayekuuzia kitu kama hicho anakudanganya. Kwa hizo unahitaji kamera au deki ya familia yake. Kamera ya Hi8 inacheza Video8. Ya Video8 haiichezi Hi8 ipasavyo.

Na usichelewe kutafuta. Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kutengeneza deki za VHS, iliacha mwaka 2016. Tangu hapo tunagawana zilizobaki.

Njia tatu za kunasa analogi

Kidude cha USB ndicho wengi watakachochagua, na hakuna ubaya ikiwa deki iko imara. Ni chepesi na hakihitaji FireWire. Udhaifu wake unatokana na kutofanana kwake: vile vinavyouzwa kwa jina la EasyCap vina ganda moja lakini ndani vina chipu za aina mbalimbali, hivyo draiva iliyomfaa jirani yako huenda isikufae. Vingine vinabana picha kwa MPEG-2 au H.264, mbinu za kubana zinazopoteza sehemu ya taarifa, papohapo bila kukupa uhuru. Tafuta kinachokuruhusu kunasa picha isiyobanwa, kama GV-USB2 ya I-O DATA, kisha unase kwa programu unayoichagua mwenyewe. Baadhi ya vidude pia huiona kanda inayoyumba vikadhani imewekewa kinga ya hakimiliki, vikakataa kurekodi sherehe ya nyumbani kwako. Ukikutana na hilo, tatizo ni uthabiti wa mawimbi, na TBC hulitatua.

Njia ya pili ni kugeuza kuwa DV na kuingia kwa FireWire. Hapa kamera ya Digital8 yenye uwezo wa kucheza Hi8 na Video8 ni lulu: unaweka kanda ya zamani, inaisoma, inaituliza na kuitoa kama DV kwa waya mmoja, picha na sauti zikiwa zimefungwa pamoja. Si kila modeli ya Digital8 inayoweza, hivyo hakikisha kabla ya kununua. Kwa VHS, kiboksi kama Canopus ADVC-110 kinafanya kazi hiyohiyo, au kamera ya MiniDV inayokubali mawimbi kutoka nje. Angalizo: baadhi ya kamera zilizouzwa Ulaya zilifungwa njia za kuingizia video, kwa kuwa kifaa chenye uwezo wa kurekodi kutoka nje kilitozwa ushuru mkubwa zaidi wa forodha. Hasara ya DV ni kwamba inapunguza taarifa za rangi, hasa kwa mfumo wa televisheni wa NTSC (wa Marekani na Japani). Kwa kanda ya VHS, ambayo rangi zake zilikuwa hafifu tangu mwanzo, mimi siioni kuwa sababu ya kuikataa. Kwa mtu mwenye makumi ya kanda za milimita 8 na kamera sahihi ya Digital8, hii ndiyo njia ningemshauri bila kusita.

Rekoda ya DVD ni ya tatu. Uzuri wake ni utulivu: inavumilia kanda mbovu, na sauti haiachani na picha. Inarekodi kwa MPEG-2, na diski moja ya gigabaiti 4.7 inachukua saa moja kwa ubora wa juu, saa mbili kwa ubora wa kati. Ukiweka saa nne, vitu vinavyotembea vitageuka vibokisi. Kisha bado utalazimika kuhamisha mafaili kutoka kwenye diski, na kuyahariri MPEG-2 kunasumbua. Siipendi kama mwisho wa safari. Naipenda kama kituo cha katikati: Panasonic DMR-ES10 na DMR-ES15 zinajulikana kwa kutuliza mawimbi yanayopitishwa ndani yake, nawe ukanasa kinachotoka upande wa pili kwa kidude chako.

Ipo pia njia ya wajuzi, ya kuchukua mawimbi ghafi karibu na vichwa vya deki na kuyatafsiri kwa programu huria ya vhs-decode. Matokeo yake yanavutia sana, lakini inadai kufungua deki, kuchomelea nyaya na kuwa na diski kubwa. Kwa kanda moja ya thamani inafaa. Kwa sanduku zima, labda si mwanzo mzuri.

Faili gani ubaki nalo

Kwa DV jibu ni fupi: bakiza DV yenyewe. Tengeneza MP4 ya kuwatumia ndugu kwenye simu, lakini usifute faili la asili kwa sababu MP4 inaonekana sawa.

Kwa analogi inabidi kupima. Picha ya SD, yaani ya ubora wa kawaida wa kanda hizi, isiyobanwa kabisa inafikia takriban gigabaiti 75 kwa saa. Ukiibana kwa FFV1, mbinu ya kubana ambayo haipotezi chochote na viwango vyake vilichapishwa rasmi mwaka 2021, inashuka hadi karibu nusu au chini ya hapo. H.264 ya megabiti 8 kwa sekunde ni gigabaiti 3.6 tu. Mwenye kanda chache achukue FFV1. Mwenye nyingi na diski ndogo achukue DV, au H.264 isiyobanwa sana.

Kuna mtego mmoja hapa. Kamera hizi hazikurekodi fremu nzima kwa mkupuo. Zilirekodi mistari ya witiri, kisha ya shufwa, katika nyakati mbili tofauti. Ndiyo maana kwenye kompyuta unaona meno ya kitana pembeni ya kila kinachotembea. Programu nyingi hutoa kitufe cha kuyaondoa wakati wa kunasa. Usikitumie. Nasa kama ilivyo, kisha uyaondoe kwenye nakala ya kutazama, ukiigeuza kuwa fremu 50 kwa sekunde kwa PAL (mfumo wa Ulaya na Afrika Mashariki) au 59.94 kwa NTSC. Ukikubali 25, umetupa nusu ya mwendo.

Lini umpe fundi

Kanda yenye unga mweupe au madoa kwenye ukingo wa utepe ina kuvu. Usiicheze hata dakika moja, maana itachafua vichwa na kuambukiza kanda zitakazofuata. Iliyokatika na iliyolowa pia ziende kwa mwenye vifaa. MiniDV iliyorekodiwa kwa LP, ile inayofanya kanda ya dakika 60 kubeba 90, huwa inagoma kwenye kamera nyingine; jaribu kwanza kamera iliyoirekodi, na kama imekufa, itafutie fundi mwenye mashine kadhaa.

Kabla ya kukabidhi, muulize atakupa faili la aina gani. Kwa MiniDV, akijibu DVD au MP4 pekee, nenda kwa mwingine. Muulize pia kama atakurudishia kanda, kisha umpe moja usiyoihofia sana kabla ya sanduku zima. Faili likirudi, lifungue kwa MediaInfo, programu ya bure. MiniDV ya kawaida iliyonakiliwa vizuri itaonyesha DV, na mara nyingi tarehe ya kurekodi. Ukiona AVC (jina lingine la H.264) au MPEG-2 mahali hapo, picha imebanwa upya, au ilipitishwa kwenye waya wa njano tangu mwanzo, na kanda zako zilizobaki zinastahili mkono mwingine.